Nani Akalie Kigoda cha Mzee Semboja?

Sogeeni karibu. Mwenye chakula mdomoni ameze kwanza, na mwenye usingizi akanawe uso, kwa sababu hadithi hii mwishoni itawageukia nyinyi wenyewe, na mtu mwenye njaa au usingizi haamui kwa haki. Mko tayari? Basi asije mtu akasema hakuonywa.

Mjini Tanga walikuwako watu watatu waliofanya kazi ya filamu, na kila mmoja alijaliwa lake.

Mhando alijaliwa jicho. Mpeleke harusini, wenzake wakirudi watasimulia bibi harusi alivyopendeza, yeye atasimulia jinsi mama mzazi alivyokuwa akikunja na kukunjua kitambaa mapajani pake. Huyo alikuwa mpiga picha.

Saumu alijaliwa kuujua wakati. Kazi yake ilikuwa uhariri, yaani kukaa na kompyuta akikata vipande vya filamu na kuviunga. Hata nyumbani alikuwa hivyo hivyo. Dada zake walisema maziwa ya Saumu hayajawahi kufurika, maana anajua lini ayaondoe motoni. Na akikusimulia kisa, hunyamaza pale pale unapotaka aendelee, mpaka umpige bega.

Bi Mwanakombo alijaliwa adabu. Msicheke, adabu nayo ni kipaji, ulizeni wenye watoto. Alikuwa mwigizaji, mama mtu mzima, chimbuko lake Pangani, na malezi yalikuwa yamemwingia mpaka kwenye mifupa. Akiigiza mama mkwe, waigizaji wenzake walijisahau wakampisha njia kwelikweli.

Wote watatu walifundishwa na mtu mmoja, Mzee Semboja, mwongozaji wa filamu za taharuki, zile zinazomkausha mtu mate. Mji mzima ulimwita Ngoja Kwanza. Ukimuuliza kwa nini mlango haujafunguliwa bado kwenye filamu yake, anakwambia, "Ngoja kwanza." Bi Mwanaidi, mkewe, alikuwa akisema kwamba hata posa yake aliileta hivyo hivyo: alikuja, akanywa maji, akaaga, akarudi mwezi uliofuata.

Kabla ya Mzee Semboja, filamu za mji ule zilikuwa watu wanagombana kwenye sofa. Mume sofa hili, mke sofa lile, mama mkwe katikati, wanasema weee mpaka betri inaisha. Mzee akiwekewa filamu ya namna hiyo alikuwa anazima sauti. Akitazama kidogo, anauliza, "Mwenye hatia hapo ni nani?" Hakuna aliyeweza kujibu. "Basi hiyo ni redio iliyovishwa nguo," anasema, na anaomba kahawa.

Aliwafundisha wanafunzi wake kwamba picha ina maneno yake. Mlango uliofungwa, ukiutazama kitambo, unakuwa swali. Mkono unaofungua droo polepole unasema kuliko mtu anayefoka. Kitu kimoja kikiwa tofauti na vyenzake, macho ya watu yatakifuata bila kuambiwa. Na juu ya yote hayo, mpe mtazamaji siri ambayo mtu wa ndani ya filamu hana.

"Chatu akidondoka ghafla kutoka darini," alikuwa akisema, "watu watapiga kelele mara moja, halafu watacheka. Lakini waonyeshe kwanza chatu yuko darini. Kisha mkalishe mama chini yake, amlishe mtoto uji, kijiko kwa kijiko. Hapo ndipo utakapojua kama watu wanakupenda au wanataka kukupiga."

Na alikuwa na desturi moja ambayo wageni waliiona ya ajabu. Filamu ikishakamilika aliipeleka kwanza kwenye ukumbi mdogo wa video kule Ngamiani, wenye mabenchi, watu wakaingia na karanga zao. Mzee anaweka kigoda chake mbele kabisa, chini ya pazia jeupe la kuonyeshea picha, anakaa akiligeuzia mgongo. Filamu inaanza mpaka inaisha, hageuki hata mara moja. Anatazama nyuso za watu. "Filamu iko usoni mwao," anasema. "Huko nyuma yangu ni mwanga tu." Kigoda chenyewe kilikuwa cha mninga, kimelika katikati kwa kukaliwa, na hakuna aliyethubutu kukikalia hata akiwa amechoka vipi.

Sasa ndugu zangu, macho yakaanza kumsaliti. Kwanza aliona ukungu, akalaumu balbu. Halafu akalaumu miwani. Siku alipomsalimia mkewe kwa heshima kubwa akidhani ni mgeni, Bi Mwanaidi alilia, naye akalia. Wakampeleka hospitali, na daktari hakumficha: jicho moja limekwenda, la pili litapasuliwa, likipona litaona mtu, lakini halitaona tena kama mtu huyo anafumba midomo au anatabasamu. Mzee Semboja akavua miwani, akamkabidhi mkewe. Kisha akawaita watoto wake watatu, maana hivyo ndivyo alivyowaita.

"Filamu ya kikombe imaliziwe bila mimi," aliwaambia. "Muswada upo, kila mtu afanye kazi yake. Hii ndiyo yangu ya mwisho. Ile ya masika nimeiahidi, na itaongozwa na mmoja wenu. Nitampa kigoda yule ambaye taharuki ya filamu hii imetoka mikononi mwake. Mmoja tu. Manahodha wengi, chombo huenda mrama."

"Na wengine?" Saumu aliuliza.

"Wengine watamfuata," Mzee alijibu, ingawa moyoni hakuwa na hakika. Alijua kila mmoja wao alikuwa amekitamani kigoda kile kwa miaka, na alijua pia kwamba hao watatu ndio mali pekee aliyoichuma duniani. Akimpa asiyestahili, wawili wataondoka wakiwa na haki ya kununa, na kundi litavunjika yeye mwenyewe akiwa hai. Hilo lilimtisha kuliko upasuaji.

Filamu ya kikombe ilihusu ndugu waliokutana kupatana baada ya ugomvi wa nyumba ya urithi. Shangazi mtu ndiye anayejua kwamba mpwa wake alighushi hati. Mpwa anaandaa chai, anatia sumu kwenye kikombe kimoja, chenye ua jekundu, vyengine vyote vikiwa vyeupe. Anampa shangazi. Shangazi anapokea, anakunywa, anaanguka. Mwisho kabisa wa filamu ndipo watazamaji wanaonyeshwa mkono wa mpwa ukitia sumu. Mzee Semboja aliandika hivyo akiwa amechoka na macho yanamuuma. Kwa mara ya kwanza maishani alitaka kuwashtua watu tu, kisha akalale.

Asubuhi ya kupiga picha, kijana wa kuigiza mpwa akashikwa na homa. Wakatafuta wa kuziba pengo, wakampata Hiza, fundi cherehani, aliyekuwa na uso mzuri na aliyewahi kuigiza mara mbili tatu. Tatizo lilikuwa dogo tu, au hivyo walivyodhani: Hiza alikuwa amemwoa binti wa Bi Mwanakombo. Kwa watu wa kule Pangani, mama mkwe na mkwewe hawali sinia moja wala hawanywi wakitazamana. Ni heshima, tena kubwa. Lakini wenzao walisema ah, mbele ya kamera mkwe si mkwe, ni kazi tu.

Basi sikilizeni alichofanya Bi Mwanakombo. Hiza alimletea kikombe chenye ua jekundu, mikono miwili, macho chini. Yeye akakipokea, mikono miwili, macho chini. Muswada ulisema anywe. Akakipeleka mdomoni, kikakomea njiani. Mdomo haukufunguka. Akamgeukia mwigizaji aliyeketi kushoto, aliyeigiza kaka yake, akamwambia kwa sauti ya upole, "Anza wewe, kaka." Yule bwana alikuwa mwigizaji mkongwe, akadhani muswada umebadilishwa. "Nianzeje mimi, na wewe ndiye mgeni wangu? Mpe wifi yako." Wifi akarudi nyuma: "Mie nitangulie mbele ya wakubwa? Toba! Chukua mwenyewe, wifi." Kikombe kikarudi kwa Bi Mwanakombo. Jasho lilikuwa linamtoka. Akasema bila kuinua uso, "Basi aanze kijana aliyetuandalia. Mwenye chai ndiye mwenye baraka." Akakipitisha kwa wifi, wifi akampa Hiza.

Na Hiza naye ni mkwe mtu! Anywe vipi mbele ya mama mkwe wake? Akakishika kikombe, akakirudisha sinia taratibu, akabaki anatazama mkeka.

Sasa sikilizeni alichofanya Mhando. Kamera ilikuwa imesimamishwa juu ya miguu yake mitatu ya chuma, imeelekezwa usoni mwa Bi Mwanakombo, kusubiri afe. Kikombe kilipohama, mpiga picha mwingine angezima na kuguna. Wa kusema "kata" alikuwa hospitali. Mhando aliifungua kamera kutoka kwenye miguu hiyo, akajilaza kifudifudi kwenye mkeka, akakifuata kikombe. Kutoka huko chini nyuso hazikuonekana; ilionekana mikono tu, bangili, pindo za khanga, na lile ua jekundu likitoka mkono huu kwenda mkono ule. Lilipomfikia Hiza, Mhando hakuinua kamera kumtazama usoni. Aliisogeza mpaka ikaonekana chai yenyewe ikitetemeka ndani ya kikombe. Kiwiko kilichubuka, na shati likapata mafuta ya taa ya jiko la chai, hata mkewe alimsema.

Na sikilizeni alichofanya Saumu. Aliletewa vipande vile, akavitazama, akaona watu wenye adabu wanakaribishana chai. Alicheka kwanza. Kisha akatazama tena, akaacha kucheka. Akakitafuta kile kipande cha mwisho wa filamu, mkono ukitia sumu, akaking'oa mahali Mzee alipokiweka, akakileta mbele, kabla chai haijaandaliwa. Akaondoa muziki wote, ukabaki mlio wa kijiko tu. Na kikombe kilipokuwa mikononi mwa wifi, mahali ambapo kila mtu angekata, yeye aliacha. Akaacha tena kidogo. Ile hatua ya Hiza kukirudisha kikombe sinia akaifanya ndiyo mwisho: mwenye sumu amekaribishwa chai yake mwenyewe, ameshindwa kuinywa, na ukoo mzima umemwelewa.

Mzee Semboja alitoka hospitali akiwa na bendeji machoni. Siku hiyo hiyo akataka apelekwe Ngamiani. "Utaona nini na wewe umefungwa hivyo?" Bi Mwanaidi alimuuliza. "Lini mimi nimewahi kuitazama?" akajibu. Wakamkalisha kwenye kigoda chake, ameligeuzia pazia mgongo.

Alisikiliza. Mwanzoni zilisikika karanga. Halafu zikaacha kusikika, na Mzee akageuza kichwa kidogo, maana hapo kwenye muswada wake hapakuwa na kitu cha kuwanyamazisha watu. Sauti ya mama mmoja ikatoka benchi la katikati: "Usinywe, dada!" Kikombe kilipohama watu walipumua. Kilipohama tena wakacheka, kicheko cha mtu aliyeona gari limempita karibu. Kiliporudi kwa shangazi, mzee mmoja aliapa. Kisha kimya, kijiko tu. Mzee Semboja alisikia mabenchi yakilia, watu wakisogea mbele wote kwa pamoja. Na kikombe kilipomfikia mpwa, ukumbi ukalipuka: "Kunywa! Kunywa wewe! Si yako hiyo?"

Machozi yalilowesha bendeji, na daktari alikuwa amemkataza kulia. Hakujali. Kwa miaka yote aliyoifanya kazi ile hakuwahi kusikia watu wakiidai haki kutoka kwenye kitambaa cheupe. Alijua papo hapo kwamba tukio lile hakuliandika yeye, na aliwapenda watoto wake kwa uchungu.

Kesho yake baada ya swala ya alasiri wakakaa barazani kwake, watatu mkekani, yeye ukutani, kigoda mapajani. Kila mmoja alisema lake bila kuficha.

"Mimi nakitaka, baba," Saumu alianza. "Sitajifanya sikitaki. Wenzangu walipiga picha ya adabu, na adabu haimtishi mtu. Tisho liliingia nilipoitanguliza sumu. Ulitufundisha kumpa mtazamaji siri, halafu wewe mwenyewe ukaificha mpaka mwisho. Nilikutii wewe wa zamani, nikakuasi wewe wa juzi."

Mzee alijikuna kidevu. Neno lile lilimchoma, na lilimfurahisha pia.

"Siri bila picha utaitanguliza nini?" Mhando akadakia. "Ningezima kamera, ungekaa na kompyuta yako ukiunga hewa. Na ningewapiga nyuso, wangeonekana watu wanne wanaoona haya. Nilikwenda chini. Kikombe kikawa ndiye mhusika. Hapakuwa na wa kuniambia, nilijiamulia mwenyewe palepale, na ukikosa palepale umekosa."

"Ulifuata, mwanangu," Bi Mwanakombo akasema kwa utulivu. "Aliyekwenda ni mimi. Siku ile ningekunywa kama mlivyoniandikia, wewe ungepiga picha ya maiti na huyu angeunga maiti. Sijawahi kuomba kitu katika kundi hili. Leo naomba."

"Lakini shangazi," Saumu akacheka, "wewe uliona haya tu! Hukukusudia."

"Mama aliyezaa pacha alikusudia kuzaa wawili? Mbona wote wanamwita mama?"

Baraza nzima ikacheka, Mzee akicheka kuliko wote, kisha akanyamaza kwa sababu aliona jambo lenyewe halichekeshi. Walikuwa wamesema kweli wote. Ondoa adabu ya Bi Mwanakombo, kikombe hakihami. Ondoa jicho la Mhando, kimehama na hakuna aliyeona. Ondoa mkasi wa Saumu, wameona na hakuna aliyeogopa. Alijaribu kuwapima kwa namna nyingine. Mmoja alifanya bila kujua, lakini alichofanya kilitoka katika utu wake wote. Mwingine alifanya kabla hajaelewa, kwa sababu jicho lake liliwahi kuliko akili. Wa tatu alielewa, ila aliletewa mezani. Kati ya hao, nani ndiye mwongozaji? Maisha yake yote alikuwa hao watatu kwa pamoja, wala hakuwahi kulazimika kujikata vipande.

Na Hiza? Kuna mtu huko nyuma anataka kuniuliza habari za Hiza. Hiza alikuja asubuhi kutoa pole ya macho, akaulizwa kama naye anadai. Akasema anachodai ni kutokaa tena mkeka mmoja na mama mkwe wake, akarudi kwenye cherehani.

"Mama watoto," Mzee akaita, "wewe ungempa nani?"

"Mimi niliolewa na wewe, sikuolewa na kigoda," Bi Mwanaidi akajibu kutoka mlangoni. Halafu akaja akakaa karibu yake, akasema taratibu, "Kesho wanakufungua bendeji. Amua leo, hujaziona sura zao. Ukishaziona utamwonea huruma mmoja, na hao wengine watajua."

"Ukimpa mwingine," Saumu akasema, na sauti yake haikuwa ya mzaha tena, "nitaondoka, baba. Afadhali uyajue hayo mapema."

"Mimi sitaondoka," Mhando akasema. "Lakini sijui kama nitaweza tena kujilaza kwenye mkeka."

Bi Mwanakombo alivuta khanga yake kichwani, na Mzee akaisikia.

Mzee Semboja akasimama. Mkewe akataka kumshika, akamkataza. Akakichukua kigoda kwa mkono mmoja, akakinyoosha mbele yake, juu ya mkeka, kati ya watu watatu asiowaona ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa anapumua. Akafungua mdomo.

Ngojeni kwanza.

Kigoda cha mninga ni kizito, na mkono wa mzee umeanza kuchoka. Semeni upesi, wakubwa kwa wadogo: mnampa nani? Na mkishamtaja, nionyesheni kati yenu atakayewageukia wale wawili na kuwaambia.